Kujinyoa upara kwa wembe wa kukunja: mwongozo kamili

Ukiulaza wembe wa kukunja juu ya utosi, katika makali yake yote ya sentimita 7 hivi ni kama sentimita 1 tu inayogusa ngozi. Sehemu iliyobaki, upande wa ncha na upande wa kisigino, inaelea hewani. Shavu lina uwanja tambarare. Kichwa ni tufe, na nusu ya tufe hilo huioni. Hapo ndipo ulipo ugumu wote, na karibu kila agizo lililomo humu linatokana na hapo: mipigo mifupi, eneo dogo dogo, na mkono mtupu, yaani usioshika wembe, ukipapasa kila mahali kabla wembe haujapita. Mkono mtupu ndio unaokaza ngozi, ndio unaosoma nywele zinavyolala, na kule nyuma ndio macho yako. Anayeuzoesha huo kwanza hujikata mara chache kuliko anayehangaika na mkono wa wembe peke yake.

Kama hujawahi kabisa kushika wembe wa namna hii, usianzie kisogoni. Anza na mashavu kwa wiki tatu au nne, au na ubavu wa kichwa juu ya sikio, mahali unapopaona vizuri kwenye kioo. Ukiingia kichwani, mara tano za kwanza nyoa kwa wembe sehemu ya juu na ya pembeni tu, kisha kisogo kimalizie kwa kinyoleo cha kawaida. Hakuna aibu katika hilo, na ngozi yako itakushukuru.

Kuna watu wasiofaa kuutumia hata kidogo: anayemeza dawa za kuzuia damu isigande, mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba kila inapojeruhiwa, mwenye kisukari ambaye vidonda vyake vinachelewa kupona, na mtu yeyote mwenye mapunye, majipu au vidonda kichwani kwa wakati huo. Wembe huchukua vimelea vya mapunye mahali pamoja na kuvipanda mahali pengine pa kichwa hicho hicho. Tibu kwanza.

Wembe wenyewe

Tukubaliane kwanza kuhusu majina ya sehemu. Bapa ni chuma chenyewe kinachonyoa. Mgongo ni upande wake mnene. Makali yanajulikana. Ncha ni mwisho wa mbele wa makali, kisigino ni mwisho wake ulio karibu na mkono. Baada ya kisigino kuna shina, chuma chembamba kisichonyoa, na nyuma ya shina kuna mkia uliopinda. Mpini ni zile pande mbili ambamo bapa hukunjiwa.

Kwa kichwa chagua upana wa 5/8 ya inchi, yaani kama milimita 16. Wembe wa 6/8, kama milimita 19, hunyoa vizuri mahali palipo wazi ila nyuma ya masikio ni mpana mno. Ncha iwe ya mviringo. Ncha ya mraba imekusudiwa kuchonga mipaka ya ndevu. Kichwani, ambako mkono unakwenda bila macho, kona yake huchoma. Bapa liwe la wastani. Lililochongwa likawa jembamba sana hutetemeka linapokutana na nywele nene, na lile nene kama kabari ni zito na linachosha mkono ulioinuliwa juu ya kichwa kwa nusu saa.

Aina ya pili ni wembe wa kukunja unaopachikwa nyembe za kutupa, kama unaotumiwa na vinyozi wengi. Hauhitaji kunolewa, lakini usidhani ndio mwepesi kwa anayeanza. Wembe wa kutupa ni mkali tangu siku ya kwanza, haupindi, na una kona mbili kali. Kosa dogo ambalo wembe wa kunolewa ungelisamehe, huu unaliandika kwa damu. Ukiamua kuutumia, punguza pembe, punguza uzito wa mkono, na ubadilishe wembe kila unaponyoa. Faida yake moja ni kubwa: unaweza kujizoeza mikao yote ukiwa haujapachikwa kitu. Fanya hivyo jioni mbili tatu, hasa kwa mkono usiouzoea.

Vitu vingine utakavyohitaji: mkanda wa kunolea wenye upande wa ngozi na upande wa kitambaa, brashi na sabuni ya kunyolea, mashine ya kukatia nywele, taulo mbili, kioo kikubwa cha ukutani, kioo kidogo cha mkononi, na kipande cha shabu. Shabu itafanya kazi mbili, kama tutakavyoona.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Hakuna kumwazima ndugu wala mwenzi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi vikiwa bado vina uwezo wa kuambukiza, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Ukinunua wembe uliokwisha tumika, peleka kwa anayejua kuusafisha na kuunoa upya kabla haujagusa ngozi yako.

Makali kabla ya yote

Wembe mpya unaotoka dukani mara nyingi bado hauko tayari kunyoa, hata kama unaonekana mkali. Hilo huwashangaza wengi, na ndilo chanzo cha watu kuuacha baada ya siku moja. Makali yanajengwa kwenye kinoo: jiwe la namba 1,000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi) huyapa umbo, la 4,000 na la 8,000 huyasawazisha, la 12,000 huyalainisha. Kwa mara ya kwanza mpe kazi hiyo mtu aliyezoea. Baada ya hapo, kwa matumizi ya kawaida, kurudi kwenye jiwe la mwisho kila baada ya miezi michache kunatosha. Kichwa kina eneo kubwa kuliko ndevu, kwa hiyo makali yataisha mapema kuliko ya mtu anayenyoa kidevu tu.

Mkanda, hata hivyo, ni wa kila mara kabla ya kunyoa. Funga upande mmoja mahali imara, uvute upande wa pili mpaka ukazike. Mkanda wenye tumbo hukunja makali yakawa duara. Laza wembe bapa kabisa, mgongo na makali vyote viguse. Uvute mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuzungusha juu ya mgongo, makali yakiwa juu hewani, kisha urudi. Kwenda na kurudi ni mara moja. Fanya mara 20 kwenye upande wa kitambaa, kisha 40 hadi 50 kwenye ngozi. Usiharakishe. Wanaoukata mkanda wao ni wale wanaogeuza wembe kabla haujasimama.

Jaribu makali hivi: pitisha wembe milimita 5 hivi juu ya ngozi ya mkono. Nywele ziguswe zikatike, zisiinamishwe. Zikiinama tu, wembe huo hauendi kichwani leo.

Soma nywele zinavyolala

Kazi hii hufanywa siku mbili baada ya kunyoa mara ya mwisho, nywele zikiwa fupi kama mchanga. Pitisha ncha za vidole polepole. Upande unaoteleza ndio nywele zinakolalia. Upande unaokwaruza ni kinyume chake.

Kwa watu wengi mpango uko hivi: kuanzia utosini nywele za juu huelekea kwenye paji la uso, za pembeni hushuka, nyingine zikielekea mbele kidogo na nyingine nyuma, za kisogoni hushuka chini. Mambo hubadilika mahali pawili. Utosini kuna mahali zinapoota kwa kuzunguka kama maji yanayoingia shimoni, na wengine wanapo pawili. Na ukosini, penye mwisho wa nywele juu ya shingo, huweza kuelekea pembeni, kukutana katikati, au hata kupanda juu. Chora kichwa kwenye karatasi ukiweka mishale. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini ukiwa na povu kichwani huwezi tena kukumbuka upande wa kushoto wa ukosi unaelekea wapi.

Wakati huo huo tafuta kwa vidole kila kisicho tambarare: kinundu cha mfupa katikati ya kisogo, mfupa unaotokeza nyuma ya kila sikio, makovu ya zamani, chunjua, fuko linaloinuka. Yakariri mahali yalipo. Fuko linaloinuka lizungukwe, lisivukwe.

Kulainisha

Nywele zikizidi milimita 2, zipunguze kwanza kwa mashine bila kipachiko. Wembe wa kukunja haukusudiwi kuvuna nywele ndefu. Zinajaa kwenye makali na kuuvuta wembe upande.

Oga kwa maji ya moto ya kustahimilika, ukiosha kichwa kwa shampuu ili mafuta yatoke. Nywele zilizonyonya maji dakika tatu hadi tano hukatika kwa nguvu ndogo sana kuliko zilizo kavu. Hakuna bidhaa inayoweza kuchukua nafasi ya dakika hizo. Ukimaliza usijikaushe, kiache kichwa kikiwa kimelowa.

Loweka brashi, ikung'ute mara mbili, izungushe kwenye sabuni kwa sekunde 30 hivi, kisha itie kwenye bakuli na uongeze maji matone machache kwa wakati huku ukizungusha. Povu linalotakiwa ni zito kama mtindi, linang'aa, halina mapovu makubwa. Likisimama kama pamba, limekosa maji na litakauka kabla hujafika. Likitiririka shingoni, maji yamezidi.

Sasa, kosa la kawaida: kupaka kichwa kizima. Ngozi ya kichwa ina joto, na kichwa kizima kitakuchukua dakika 45 hadi 60 mara za mwanzo. Povu ulilopaka kisogoni litakuwa ganda kavu utakapolifikia. Paka eneo unalolinyoa tu, na bakuli likae karibu.

Mshiko, pembe, na kinachotokea kwenye mbinuko

Fungua wembe hadi mpini uwe juu ya mkono wako, nje ya njia. Vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikae juu ya shina. Gumba liwe chini yake, karibu na kisigino. Kidole cha mwisho kitulie kwenye mkia. Shika kama unavyoshika kalamu unapoandika vizuri: imara isianguke, legevu usichoke. Vidole vikibadilika rangi kwa kubana, utakuwa unakandamiza.

Pembe ipime hivi. Laza wembe bapa kwenye ngozi, kisha inua mgongo mpaka nafasi chini yake ilingane na unene wa mgongo huo huo mara moja au mbili. Hiyo ni takriban nyuzi 15 hadi 30. Raundi ya kwanza anza karibu na 30, raundi ya pili shuka.

Kisha elewa jambo hili, kwa kuwa ndilo linalotenganisha kichwa na shavu. Wembe ukienda mbele juu ya mbinuko bila wewe kugeuza kifundo cha mkono, ngozi inashuka mbele yake na pembe inapungua yenyewe. Kwenye kichwa cha mtu mzima, mpigo wa sentimita 5 unatosha kuimaliza pembe yote: wembe unalala, unateleza juu ya nywele, na unaacha mabaki. Watu hudhani makali yameisha, wanaongeza nguvu, wanajikata. Kumbe tatizo lilikuwa urefu wa mpigo. Kwenye mbonyeo, kama ukosini na bondeni nyuma ya sikio, hutokea kinyume: ngozi inapanda mbele ya wembe, pembe inakua, makali yanasimama na kuuma.

Kwa hiyo: kwenye mbinuko, mpigo wa sentimita 2 au 3, huku kifundo kikigeuka kufuata duara; kwenye mbonyeo, sentimita 1, ukianza na pembe ndogo kuliko kawaida.

Sheria mbili hazivunjwi kamwe. Wembe hauendi ubavu, yaani kwa kufuata urefu wa makali yake, hata milimita moja, maana huo ndio mwendo wa kisu kinachokata nyama. Na vidole vya mkono mtupu havikai mbele ya makali. Vinakaa nyuma, vikivuta ngozi upande ulio kinyume na wembe unakokwenda. Vikiteleza kwa povu, vifute kwa taulo au visugue kwenye shabu iliyoloweshwa. Vitashika kama vina gundi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya shabu.

Kuhusu vioo: simama ukitazama kioo cha ukutani. Kioo cha mkononi ni cha kukagua tu, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Wengine huweka kioo cha pili nyuma yao ili wajione kisogo wakati wa kunyoa. Kinasaidia kuona povu limebaki wapi, lakini usikitumie kuongoza wembe. Picha iliyopita kwenye vioo viwili hubadilisha pande tofauti na ulivyozoea, na mkono husita au kwenda upande usiotarajia. Kisogoni, vidole vinajua zaidi.

Raundi ya kwanza: kufuata nywele

*Juu, kutoka utosini hadi kwenye paji.* Hapa ngozi imekazika yenyewe juu ya mfupa na unapaona, basi anza hapa. Mkono mtupu uwe utosini ukivuta nyuma kidogo. Ingia na wembe ukiwa tayari unatembea, kama ndege inavyotua. Ukiuweka kwanza ndipo uanze kuusukuma, utaacha mstari. Mipigo mifupi, kila mmoja ukiingia juu ya nusu ya uliopita. Baada ya mipigo minne au mitano, futa povu kwenye taulo lenye maji, mgongo ukitangulia. Karibu na paji usikunje uso: nyusi zikipanda, ngozi ya mbele ya kichwa hujikunja nazo.

*Pembeni.* Ubavu wa kulia nyoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwa wa kushoto. Anayetumia mkono mmoja kwa pande zote hulazimika kuupitisha mbele ya uso, akajizibia kioo. Mkono dhaifu utakuwa mzito kwa wiki kadhaa. Upe mipigo ya sentimita 1 na nusu na usiuonee haya. Shuka kutoka juu kuelekea sikioni. Kwenye panja ngozi ni nyembamba na mshipa wa damu unapita karibu, kwa hiyo punguza uzito mpaka usikie tu povu likiondoka.

*Kuzunguka sikio.* Likunje sikio chini na mbele kwa vidole vya mkono mtupu, na lishikilie hapo muda wote. Tumia theluthi ya makali iliyo karibu na ncha, na jua ncha ilipo kila wakati. Nyuma ya sikio kuna mfupa unaotokeza na bonde mara baada yake: mbinuko na mbonyeo katika nafasi ya vidole viwili. Nyoa mfupa kwa mipigo yake na bonde kwa mipigo yake. Anayejaribu kuvivuka kwa mpigo mmoja hukutana na makali yaliyosimama. Kama kuna mahali pa kuchukua muda mara mbili ya unavyodhani unahitajika, ni hapa.

*Utosi wenye mzunguko.* Hakuna mwelekeo mmoja, kwa hiyo kata eneo hilo kama vipande vya chungwa: mipigo ya sentimita 1 kutoka katikati kwenda nje, ukizunguka. Nywele zitakazobaki zisikusumbue. Raundi ya pili itazichukua.

*Kisogo.* Inamisha kichwa mpaka kidevu kikaribie kifua. Kukiinua kichwa, ngozi ya kisogo hujikunja matuta, na wembe unaopita juu ya tuta hulikata. Inua kiwiko juu ya kichwa, makali yatazame chini, mkono mtupu uvute ngozi kuelekea utosini. Utaratibu ni huu, bila kuruka: gusa kwa kidole ujue ulipo, kaza, piga mpigo wa sentimita 2, simama, gusa tena. Kinundu cha katikati kinyoe kwa kukizunguka: juu yake, kisha kulia, kisha kushoto, kisha chini. Mkono ukichoka, shusha na upumzike. Mkono uliochoka hutetemeka, na hakuna anayekufukuza.

*Ukosi.* Rudi kwenye mchoro wako wa mishale, maana hapa ndipo watu hunyoa kinyume bila kujua. Kidevu kiendelee kuwa chini. Mkono mtupu ukaze ngozi juu ya mstari unaposhuka, au chini yake unapopanda. Kidogo kidogo, pembe ndogo, mpaka mwisho wa nywele. Usishuke shingoni kutafuta vinyweleo vya mwilini.

Raundi ya pili, na kama ya tatu inahitajika

Suuza kichwa kwa maji vuguvugu, paka povu upya. Kamwe usipitishe wembe kwenye ngozi isiyo na povu, hata kwa unywele mmoja.

Raundi ya pili inakwenda mkingamo: kama nywele zinashuka, wembe unatoka mbele kwenda nyuma au nyuma kwenda mbele. Pembe ishuke. Ukisikia wembe unavuta, ufute, ukaushe kabisa, upitishe kwenye mkanda mara 15, uendelee. Wembe wenye maji usiguse mkanda.

Raundi ya tatu, kinyume cha nywele, ndiyo inayoleta kichwa kinachong'aa. Mwenye nywele zilizonyooka anaweza kuifanya akishazoea. Mwenye nywele za kujipinda, ushauri wetu ni kuiacha kabisa. Unapoikaza ngozi na kunyoa kinyume, unywele huvutwa juu kidogo, hukatwa, kisha hurudi chini ya uso wa ngozi. Unywele ulionyooka utatoka ulipoingilia. Uliojipinda, ukiwa na ncha kali ya kukatwa, hutoboa ukuta wa tundu lake au hutoka na kugeuka kuingia tena, na mwili huupokea kama mwiba. Hivyo ndivyo vipele vinavyozaliwa. Ukosini ni hatari zaidi, kwa kuwa vipele vya hapo vikiachwa huweza kugeuka makovu magumu yaliyovimba, na nywele mahali hapo zisiote tena. Mtu wa namna hiyo aishie raundi ya kwanza, au ya kwanza na mkingamo mwepesi, na asikaze ngozi kupita kiasi. Kichwa kitakuwa na kivuli kidogo. Kivuli ni bora kuliko makovu.

Vikishatokea vipele, weka wembe kando wiki tatu au nne, tumia mashine inayoacha milimita 1, na usivitumbue. Vikiuma, vikitoa usaha au vikiwa vigumu, nenda kwa daktari wa ngozi mapema.

Dalili na sababu zake

Wembe unavuta tangu mpigo wa kwanza: makali, au nywele hazikulowa vya kutosha. Unavuta baada ya nusu ya kichwa: unahitaji mkanda. Unarukaruka na kuacha mistari midogo ya damu: pembe kubwa, au ngozi imelegea. Nywele zinabaki madoa madoa juu ya kichwa: mipigo mirefu, pembe imejimaliza. Ngozi inawaka moto bila mkato wowote: umerudia mahali pamoja mara nyingi, au umenyoa povu likiwa limekauka. Mchubuko mpana ukosini karibu kila mara ni kunyoa kinyume bila kujua.

Damu

Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi midogo, kwa hiyo mkato mdogo hutoa damu kuliko ukubwa wake. Usitishike. Weka wembe mahali salama kwanza, kisha bana kwa kitambaa safi dakika 10 kamili bila kufunua kuchungulia. Kila ukifunua, unalivunja tone lililoanza kuganda. Kwa mikwaruzo midogo, gusisha shabu iliyoloweshwa: inakaza ngozi na kufunga vitundu. Ndiyo kazi yake ya pili. Kama damu haijasimama baada ya dakika 15 za kubana, au midomo ya mkato imeachana, hiyo ni kazi ya zahanati na huenda ikahitaji kushonwa. Eneo hilo lisinyolewe mpaka ganda lidondoke lenyewe.

Baada ya kunyoa

Suuza povu lote kwa maji vuguvugu, kisha ya baridi. Pitisha shabu kichwa kizima ukipenda, iache dakika moja, suuza. Mahali itakapochoma ndipo mkono wako ulipozidisha. Ni mwalimu mzuri, sikiliza. Kausha kwa kubonyeza taulo, usisugue. Paka losheni isiyo na manukato wala spiriti, kidogo tu.

Kichwa kilichokuwa na nywele miaka mingi hakijawahi kuona jua. Kikitoka nje kikiwa kitupu huungua haraka, hata kwa mwenye ngozi nyeusi. Kofia, au krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kuanzia siku ya kwanza. Kofia iwe safi, na foronya ya mto ibadilishwe usiku huo, kwani ngozi iliyotoka kunyolewa ina vitundu vingi visivyoonekana.

Nywele huota kama milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, hivyo kunyoa kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha kuweka upara safi. Kila siku ni kuinyima ngozi muda wa kupona.

Wembe nao usisahaulike kwenye sinki. Usuuze bila kuugusisha na bomba, kwa kuwa pigo moja dogo la chuma kwa chuma hutoa pengo ambalo litarudishwa na kinoo peke yake. Ufute kwa karatasi laini kutoka mgongoni kuelekea makali, usipite juu ya makali. Kausha na ndani ya mpini, mahali maji hujificha. Uache wazi saa moja, upake mafuta ya madini tone moja lililosambazwa kwa kidole kwenye mabapa yote mawili, kisha uukunje ukitazama kama makali yanaingia katikati bila kugusa upande wowote wa mpini. Uuhifadhi nje ya bafu, mbali na mvuke na mbali na watoto.